Kandambili Mdomoni mwa Tangi

Boza lilikuwa limeshaupita mzunguko wa mwisho wa mji, nami nimeukumbatia mfuko wangu wa nguo, macho kwenye kioo cha pembeni, nikiomba jambo moja tu: tusisimame.

"Mzee Koki, mbona unageuka nyuma kila mara?" Breki akaniuliza. "Umetorosha mke wa mtu?"

"Endesha."

"Naendesha. Gari hili linataka heshima. Ukilipigia kelele linachemka, tunalala njiani."

Breki ndiye dereva wa boza la maji. Jina hilo alipewa kwa sababu ndicho kitu ambacho gari lake halijawahi kuwa nacho. Kila siku huenda bara boza likiwa tupu, hurudi limejaa. Siku hiyo nilimwomba anipeleke bara tu. Habari ya kurudi nitaijua mwenyewe.

Hakuniuliza sababu. Aliona tu gunia refu nililolisukuma chini ya kiti, akaligusa kwa mguu, likalia chuma.

"Umeondoka na ufunguo?"

"Endesha, nimesema."

Aliyekosa gazeti la juma lililopita, habari kwa ufupi ni hii. Baada ya kufukuzwa na kukimbia katika miji mingi kuliko meno niliyobaki nayo, nilitua katika mji huu wa ufukweni alikokuwa akiishi binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Nikapata kazi ya kufungua na kufunga koki za maji za barabarani. Mvua zilikuwa zimeususa mji. Visima vya ufukweni vilikuwa vimeingiwa na chumvi. Maji yaliyobaki yalitoka bara kwa bomba moja, yakigawanywa kwa zamu: leo hoteli za ufukweni, kesho mitaa ya juu wanakoishi wanaofanya kazi kwenye hoteli hizo.

Niliwaachia pale watu wa mitaa ya juu waliponizunguka na ndoo zao kavu, wakaapa kwamba siku zamu yao ikirukwa tena hawatatupa mawe kwenye paa la ofisi. Watanitupa mimi.

Basi siku hii ninayoisimulia, zamu yao ikarukwa. Na mkono uliozungusha koki ni huu ninaoandikia.

Mkubwa wa zamu alinikuta asubuhi nikinywa chai.

"Funga juu, fungulia ufukweni."

"Mkubwa, leo ni siku ya juu."

"Siku nazijua. Kuna basi la wageni linaingia. Wageni wakifungua bomba likatoa upepo, wewe ndiye utakayewaimbia?"

"Na watu wa juu?"

"Watu wa juu wamezoea."

Alisema hivyo akifuta miwani yake. Nikaacha chai nusu.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Hoteli za ufukweni zina matangi chini ya ardhi, makubwa kama vyumba vya kulala. Tope hujikusanya chini, kwa hiyo mara kwa mara lazima mtu ashuke na brashi asugue. Siku ya kusugua ni ile ambayo si zamu ya maji. Mtu hushuka kwa kamba, kwa kuwa ngazi za chuma zililiwa na kutu zamani, na akifika chini huifungua apate kusugua. Kabla hajashuka, huvua kandambili zake na kuziacha mdomoni mwa tangi, visigino vikitazama shimo.

Hiyo ndiyo alama. Sisi watu wa koki, tukiambiwa tufungulie ufukweni siku isiyo yake, huzunguka nyuma ya hoteli tukachungulia. Ukiona kandambili, unatafuta kivuli unakaa. Mkubwa na apige kelele mpaka apasuke mapafu, wewe unakaa. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na sikumjua mtu aliyewahi kuivunja.

Na msafishaji wa matangi aliyesifika kuliko wote alikuwa binti yangu. Midomo ya matangi ni myembamba, na mafundi wengi walikuwa wameota vitambi. Yeye alipenya bila kugusa chuma. Wakamwita Sindano.

Asubuhi hiyo nilizunguka hoteli zote. Sikuruka hata moja. Kwenye ile kubwa ya mwisho, ua wa nyuma ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Hakuna kandambili. Hakuna kamba, hakuna ndoo. Mfuniko wa chuma umekaa mahali pake, na juu yake chungu cha maua mekundu.

Nakumbuka nikiwaza: leo wamepamba.

Nikarudi barabarani, nikatumbukiza ufunguo kwenye chemba, nikazungusha mpaka mabega yakauma. Bomba likakohoa, likapiga mluzi, kisha likanguruma. Maji yakaenda ufukweni.

Nilipoinua kichwa, hofu ikanipanda. Niliona akilini ndoo za mitaa ya juu, na mikono inayozishika. Nikasema, mzee, hapa umeshamaliza. Nikaenda kufunga virago. Na ule ufunguo wa koki nikaufunga gunia nikaondoka nao. Si ufunguo wa mfukoni: ni fimbo ya chuma inayonifika kifuani, juu ina mkono wa kulala, chini ina mdomo wa kuiuma koki. Mji mzima ulikuwa nao huo mmoja, watu wa koki tukipokezana. Niliuchukua kwa hasira na kwa woga, na sijui kipi kilitangulia.

Sindano sikumuaga. Tulikuwa tumenuniana. Alitaka kuolewa na mshika kamba wake, yule anayekaa juu ya tangi akimshusha na kumpandisha, kijana mwenye mabega mapana na kicheko kisicho na sababu.

"Mtu wa kushika kamba," nilimwambia, "siku moja ataiachia."

"Afadhali mshika kamba, baba, kuliko mshika njia," akanijibu. "Yeye angalau jioni namkuta alipokuwa asubuhi."

Tangu siku hiyo hakuniambia tena anasugua wapi.

Breki alichelewa kwa pancha, nikakaa kwenye kivuli cha boza. Lakini sasa tulikuwa tumetoka. Nyumba zilianza kupungua. Nikaanza kuvuta pumzi.

Kwenye kituo cha mafuta mwanamke akatupungia mkono. Breki hasimamishi gari. Huliacha lichoke lenyewe. Likachoka mbele ya yule mwanamke, akadandia, akabanana nami.

"Shikamoo mzee. Asante dereva. Leo wametutoa mapema, wageni wanakuja."

"Wewe unafanya kazi wapi?" Breki akauliza.

"Hoteli ile kubwa ya mwisho. Mimi ni dobi. Wageni hawatakiwi kutuona, wanadhani mashuka yanajifua yenyewe." Akacheka, akajinyoosha. "Mtaniwia radhi, miguu imeniwaka."

Akainua mguu mmoja juu ya goti.

Kandambili ya buluu. Ukanda wake umekatika zamani ukashonwa kwa waya mwekundu wa redio.

Niliushona mimi. Sebuleni kwa Sindano, siku ya kwanza nilipofika mji ule, kwa kuwa sikuwa na zawadi nyingine ya kumpa.

"Dada, hizo kandambili umezipata wapi?"

"Aa! Mzee mzima unanikagua miguu!"

Breki akaangua kicheko. "Mwache mzee, macho hayajastaafu."

"Umezipata wapi?" Nilimshika mkono. Kicheko kikakatika.

"Mfagizi kanipa. Kaziokota uani, pale kwenye tangi. Meneja alisema takataka zote ziondoke kabla basi halijafika. Ndoo, kamba, lile boya, vyote katupa jalalani, akafunika, akaweka maua. Mimi nikaona viatu ni vizima, kasoro huo waya."

"Na mwenye viatu alikuwa wapi?"

"Mwenyewe?" Akanitazama kama asiyeelewa swali. "Havikuwa na mtu."

Boya. Hilo ndilo lililonimaliza. Tangi likijaa, boya huinuka na kuziba maji. Lakini anayesafisha huling'oa kwanza alisugue. Tangi lisilo na boya halijui pa kukomea. Maji huingia mpaka yaguse dari.

"Geuza gari," nikasema.

"Mzee Koki, hapa ni mteremko, na unajua hali ya—"

"Breki. Mwanangu yuko ndani ya tangi, na maji nimeyafungulia mimi. Geuza gari!"

Breki aliuzungusha usukani kwa mwili wote, boza likapanda tuta, likapita katikati ya gereji ya watu huku mafundi wakiruka na spana zao, likarudi barabarani likitazama bahari.

Dobi alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akanipa simu yake bila kuombwa.

Simu ya Sindano ilikuwa imezimwa. Huizima akishuka kazini, na tangu tugombane huizima hata akiwa amekaa nyumbani. Nikapiga hotelini.

"Habari za mchana, na karibu sana katika hoteli yetu—"

"Kuna mtu ndani ya tangi!"

"Samahani mheshimiwa, tangi lipi?"

"La maji! La uani! Fungueni mfuniko!"

"Nakuunganisha na watu wa matengenezo. Tafadhali usikate simu."

Kikaanza kinanda. Laini, cha kubembelezea watoto. Kikapiga, kikarudia mwanzo, kikapiga tena. Nilipiga kelele ndani ya kile kinanda mpaka sauti ikanipotea, wala hakuna aliyekuja.

Nikampigia mkubwa wa zamu.

"Uko wapi na ufunguo wangu?" ndilo neno lake la kwanza.

"Mkubwa, kuna mtu tangini."

"Ulizunguka kuchungulia?"

"Nilizunguka."

"Kandambili uliziona?"

"Sikuziona, lakini—"

"Basi hakuna mtu. Rudisha ufunguo wa watu."

Akakata. Sheria yetu wenyewe, ile tuliyoitegemea kuliko dini, sasa ilikuwa inamfunika mwanangu kama ule mfuniko.

"Mimi sikujua," dobi alikuwa akisema. Alikuwa amevua kandambili, amezishika kifuani. "Haki ya Mungu sikujua. Nilijua vimetupwa."

"Nyamaza, dada," Breki akamwambia. "Shikilia mlango, huku kuna kona."

Chemba ya koki iko barabarani, nje ya lango la hoteli ile. Nilishapanga: niruke, niinue kifuniko, nizungushe, nifunge, ndipo nikimbilie uani. Ufunguo nilikuwa nimeshautoa kwenye gunia.

Tulipokata kona ya mwisho nikaliona basi la wageni. Jeupe, refu kama ukuta wa shule. Tairi lake la nyuma lilikuwa limekalia kifuniko cha chemba.

"Dereva wa hili basi yuko wapi?" nikamuuliza mlinzi wa lango.

"Kaingia ndani kuoga. Ana bahati, maji yamekuja leo."

Nikasimama pale barabarani na fimbo yangu ya chuma. Chini ya nyayo zangu niliyasikia maji yakikimbia kwenda kwake.

"Nenda!" Breki akanipigia kelele dirishani. "Hilo basi niachie mimi! Nitalisukuma!"

"Utaliharibu!"

"Si ndiyo kazi yangu? Nenda!"

Nikakimbia. Dobi alikuwa nyuma yangu, pekupeku. Mbele ya hoteli spika kubwa zilikuwa zikipiga muziki wa kuwapokea wageni, nao wamejipanga na vinywaji vyenye miavuli midogo. Na katikati yao, amevishwa koti la mhudumu lililombana kwapani, sanduku huku na sanduku kule, nikakutana na mtu anayenichekea.

"Shikamoo, baba mkwe!"

Mshika kamba.

"Sindano yuko wapi?"

"Yuko chini anasugua. Meneja kaniita tangu asubuhi nisaidie mara moja tu, kazi zikaongezeka mpaka mizigo hii, si unajua leo si siku ya maji."

"Kamba ameishika nani?"

"Nimeifunga kwenye nguzo. Na kandambili nimeziacha palepale mdomoni, baba, hakuna atakaye..."

Hakumaliza. Alikuwa amemwona dobi nyuma yangu, na alichokumbatia kifuani.

Masanduku yakaanguka. Sijawahi kumwona mtu mkubwa kiasi kile akikimbia namna ile. Nilipofika uani chungu cha maua kilikuwa kimeshapasuka ukutani, naye amepiga magoti anaung'ang'ania mfuniko kwa kucha. Nikautia mdomo wa ufunguo kwenye ukingo, tukaukandamiza sote wawili, mfuniko ukanyanyuka ukalia kama kengele.

Giza. Maji meusi, mkono ukinyoosha unayagusa. Na chini yake hapakuwa na mtu.

"Sindano!"

Muziki wa spika ulikuwa ukipiga makofi.

"Sindano! Mama! Mwanangu!"

"Nyamaza," mshika kamba akasema. "Baba, nyamaza kidogo."

Ndipo tukasikia. Mbali, upande wa pili wa tangi, kitu kikigonga dari kutoka chini. Ko. Ko. Halafu kimya. Halafu ko.

Mpini wa brashi. Mwanangu alikuwa amepoteza mdomo wa tangi gizani, amebandika pua kwenye dari, akivuta ule upana wa kiganja wa hewa uliobaki.

"Lete kamba!" nikamwambia dobi. "Jalalani! Kimbia!"

Kamba ilikuwa bado haijafika, mshika kamba akavua lile koti. Akatazama shimo, akatazama mabega yake.

"Unajua kuogelea?" nikamuuliza.

"Sijui."

Akatumbukia. Ngozi ya mabega yake ilibaki kwenye chuma, niliiona. Akawa anajivuta kwa kushika nguzo za ndani, uso juu, akimwita jina. Sauti yake ilikuwa ikinijia kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Nami nililala kifudifudi, nikautumbukiza ufunguo ndani, mkono wake wa kulala ukitangulia, nikiupapasa huku na huku.

"Huku kwenye mwanga!" nilikuwa nikipiga kelele. "Njooni kwenye mwanga!"

Kitu kikaushika ufunguo.

Nilivuta. Nilivuta nikihisi mgongo ukiachana na kiuno. Kikatokea kichwa, kikatokea bega jembamba, na Sindano akapenya mdomoni mwa tangi kama alivyopenya siku zote, akaanguka kwenye sakafu ya uani akitapika maji.

"Yuko nyuma yangu," akasema. "Kanisukuma. Yuko nyuma yangu."

Nikaurudisha ufunguo ndani. Hakuna aliyeushika.

"Baba mkwe," sauti ikatoka gizani, mbali tena. Alipomsukuma yeye alirudi nyuma, akaupoteza mwanga. "Baba mkwe, dari imekaribia sana."

Sindano akaninyang'anya ufunguo, akajitupa kwenye shimo mpaka kiunoni. "Shika! Huku, kulia kwako! Shika!"

"Nauona... nauona kidogo."

Na wakati huohuo, nje, nikasikia chuma kikigongana na chuma, vioo vikimwagika, wageni wakipiga mayowe, na sauti ya Breki juu ya mayowe yote:

"Mzee Koki! Chemba iko wazi! Lete ufunguo!"

Ufunguo ni mmoja. Upande huu mtu anautafuta gizani kwa vidole. Upande ule ndio pekee utakaoyafunga maji yanayomla hewa.

Nilisimama pale. Semeni mnavyotaka, mimi nilisimama tu.

"Kafunge!" Mshika kamba alikuwa amemsikia Breki. "Baba, kafunge! Mimi nitashika dari!"

Nikaushika ufunguo nikauvuta. Sindano hakuachia. Akageuka, uso umejaa tope, macho mekundu, akaona mzee aliyempotea utotoni mwake akimnyang'anya kitu cha mwisho alichokuwa nacho.

"Unakimbia tena!" akanipigia kelele. "Baba! Unakimbia tena!"

Sikuwa na nafasi ya kueleza. Nilimbandua vidole kimoja kimoja, nikaondoka.

Basi lilikuwa limesukumwa mpaka kwenye ua wa maua ya lango, boza limeliuma nyuma halitaki kuachia. Nikaingiza ufunguo kwenye chemba. Koki ilikuwa na ukaidi wake wa kila siku. Breki akaja, tukazungusha pamoja, tukazungusha, tukazungusha, mpaka ngurumo chini ya barabara ikawa mluzi, mluzi ukawa kikohozi, na kikohozi kikakata.

Kwenye veranda mtu akalalamika kwamba bomba limekauka na ana sabuni machoni.

Niliporudi uani kamba ilikuwa imeletwa. Sindano alikuwa amejifunga kiunoni, ameshuka tena. Alirudi mule, wasomaji wangu, katika giza lile alilotoka kutapika maji yake. Kamba ilishikwa na dobi, mfagizi, na wageni wawili wenye nguo za kuogelea. Wakavuta. Wakatoka wote wawili, yeye amemkumbatia, kichwa cha mshika kamba kimelala upande kama cha mtoto aliyesinzia.

Hapumui. Mgeni mmoja, mama mnene aliyevaa kofia ya ukili, akasukuma watu akasema yeye ni muuguzi. Akamkalia kifuani akamkandamiza, akampulizia mdomoni, akamkandamiza. Muziki wa spika ulizimwa na mtu. Ukasikika kifua chake kikilia.

Kisha akakohoa, kidogo tu. Lakini macho hakufumbua.

Waliohusika wameishia hivi.

Wageni walihamishiwa hoteli nyingine siku ileile. Yule mama wa kofia ya ukili alikuja hospitali mara moja, akakaa kidogo, akaenda.

Mfagizi alifukuzwa kazi. Meneja hakufukuzwa, ameagiza kila mfuniko wa tangi uandikwe HATARI kwa rangi nyekundu, na wa uani kwake umeshaandikwa.

Breki yuko ndani kwa habari ya basi. Boza limeegeshwa kituo cha polisi, na mfuko wangu wa nguo umo kwenye kiti cha mbele.

Mitaa ya juu haikupata maji siku hiyo, wala siku iliyofuata. Hawakunijia. Walisikia habari za tangi, wakabaki na ndoo zao.

Mkubwa wa zamu aliuchukua ufunguo akampa mtu mwingine. Ameandikisha kwamba yeye hakutoa amri yoyote ya kufungulia ufukweni, kwamba ufunguo uliibwa, na kwamba aliyefungua maji hajulikani.

Dobi alizileta kandambili hospitali, amezifua. Alizipanga chini ya kitanda, akaaga kwa kichwa.

Mshika kamba amelala kwenye kitanda hicho. Anapumua. Daktari anasema tusubiri, akiulizwa tusubiri nini anasema tusubiri tu. Mabega yake yamefungwa bandeji.

Sindano anakaa kwenye kiti kando yake, usiku na mchana. Amefunga ncha moja ya kamba kwenye kifundo cha mkono wa yule kijana, ncha nyingine kaizungusha kwenye kiganja chake. Wauguzi walimwambia aitoe, wakaacha kumwambia.

Mimi ninalala kwenye benchi la koridoni. Sijaondoka. Sindano ameniomba radhi kwa yale maneno aliyonipigia kelele mdomoni mwa tangi. Alinishika mkono, akaubusu, akasema, "Baba, nilidhani unakimbia, kumbe ulikwenda kutuokoa."

Leo mchana, nilipomletea uji, aliinua macho kutoka kwenye kamba.

"Baba, wewe watu wa koki wote unawajua," akasema. "Nani alifungua maji siku ile?"

Nimeuweka uji mezani. Bado anasubiri nimjibu.